Kutoka Sitara hadi Selfu

Kwa miaka yote niliyomjua, mama yangu hajapata kusema mbele ya wanawe kwamba anakwenda chooni. Husema, "Natoka nje kidogo." Nyumbani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Choo kilikuwa nje, hatua 23 kutoka mlango wa jikoni, na kando yake bafu la mabati lisilo na paa. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño ziliponyesha bila kupumzika, ardhi ya pale ikatitia, sakafu ya choo ikapasuka, na mama akateleza usiku akavunjika kifundo cha mkono. Hapo ndipo sisi wanawe watatu tulipokubaliana kwamba choo na bafu viingie ndani ya nyumba. Sikujua kwamba siku hiyo hiyo tulikuwa tumeanzisha mabishano ya maneno, na kwamba mabishano hayo yangenirudisha nyuma hadi Kilwa ya karne ya 14.

Kaka yangu mkubwa ni mchimbaji mdogo huko Geita. Fedha za ukarabati zilikuwa zake, kwa maana duara walilochimba na wenzake lilikuwa limetema kidogo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mvunjieni mama ile stoo karibu na chumba chake, mumjengee selfu."

Neno hilo lilinikera. Msomaji wa Tanzania analijua, hata kama halimo katika kamusi zilizo kwenye rafu yangu. Chumba "selfu" ni chumba chenye choo na bafu lake. Nyumba ya kupanga hutangazwa kuwa ina vyumba vitatu, kimoja selfu; nyumba ya wageni humuuliza msafiri kama anataka selfu au ya kuchangia. Neno limekatwa kutoka kwenye maelezo marefu ya Kiingereza yanayosema kwamba chumba kinajitosheleza, likabaki na kipande kile tu chenye maana ya "nafsi". Kwa hiyo tumepata lugha ambamo nafsi ya mtu ni choo chake. Nilimwambia kaka hivyo kwa simu. Akanijibu kwamba saruji haichanganywi kwa mashairi.

Nilikera zaidi kwa sababu Kiswahili hakikosi maneno ya mahali hapa. Kina mengi kupita kiasi, na karibu yote yametungwa ili mahali penyewe pasitajwe. Neno "choo" ni la uso mkavu: ni jengo, na ni kile kinachoachwa ndani yake, ndiyo maana daktari akisema mtoto amepata choo kigumu hakuna anayefikiria saruji. Neno lenye mizigo miwili namna hiyo halifai mezani, basi wasemaji wakalifunika. Wapo wanaokwenda haja, na haja hiyo ikawa kubwa na ndogo. Wapo wanaojisaidia, kana kwamba wanabeba mzigo bila msaidizi. Wapo wanaokwenda uani, faraghani, maliwatoni. Mama yangu na wanawake wengi wa Kisukuma wa rika lake wanakwenda nje.

La kustaajabisha kuliko yote ni "msala". Msala ni mkeka mdogo wa kusalia, neno lililotoka katika Kiarabu pamoja na sala yenyewe. Msala vilevile ni mahali pa haja, na hotelini utaoneshwa msalani bila mtu kuona haya. Mimi hulielewa jambo hili kwa njia ya maji: mahali anapotawadhia Mwislamu na mahali anapojisafishia vimekaa jirani siku zote, na lugha ikautandika mkeka wa usafi juu ya vyote viwili. Vijana wa leo wameongeza maana ya tatu. Kwao msala ni balaa, kesi, jambo la kumtia mtu matatani. Mkeka, choo na balaa katika neno moja! Mshairi anayetafuta neno la kuchezea vina asiende mbali.

Kabla sijaendelea na stoo ya mama, sina budi kwenda pwani, kwa sababu dhana kwamba choo ndani ya nyumba ni uzungu mpya haina mizizi katika historia ya wasemaji wa lugha hii. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, nyumba za mawe zilizojengwa mamia ya miaka iliyopita zina vyoo na vyumba vya kunawia ndani ya kuta zake. Nyumba za kale za Lamu zina birika la kujengwa kwa chokaa penye chumba cha kuogea, na chini ya birika hilo fundi alipachika bakuli la kauri. Bakuli lile lilikuwa na kazi. Maji yalipopungua, kiasi kidogo kilibaki humo, na samaki wadogo waliofugwa birikani ili wale viluwiluwi vya mbu wakapata mahali pa kungojea maji mapya. Nijuavyo mimi hakuna pambo lililowahi kufanya kazi kwa heshima kuliko bakuli hilo.

Huko Kilwa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alikuwa na jumba juu ya jabali linalotazama bahari, Husuni Kubwa, na ndani yake birika la kuogea la pembe nane. Kilwa ilikuwa ikinawiri kwa dhahabu iliyoteremka kutoka nyanda za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala. Niliposoma habari hizo zamani nilizichukua kama habari za wafalme. Nilipozisoma tena nikiwa na risiti za vigae mkononi, nikaona jambo jingine: dhahabu ilichimbwa bara na watu tusiowajua majina, na birika likajengwa pwani. Dhahabu ya kaka yangu imefanya safari fupi zaidi, Geita hadi Ngokolo, na mwenye birika ni mama wa mchimbaji. Hilo peke yake lilinitosha kunyamaza juu ya neno selfu kwa siku kadhaa.

Zanzibar nayo ilijaaliwa. Sayyid Said alijenga bafu la Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga mjini hamamu ya watu wote. Mtaa ule unaitwa Hamamni hata leo, ingawa maji yalikwisha kukauka zamani. Binti wa Said, Sayyida Salme, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1886, alieleza mabafu ya jumba la Mtoni kama mahali ambapo watu hawakukosekana mchana wala usiku. Tazama basi: neno "hamamu" tulikuwa nalo, limeoga na masultani, kisha tukaliacha tukachukua "bafu" kutoka kwa Mwingereza, tukamtoa ulimi katikati ya meno na kumpa sauti ya f. Sijui mtu aliyewahi kulililia hamamu. Bafu sasa ni letu, na mabafu yake, na bafuni kwake.

Lakini bara ni bara. Kwa Wasukuma tatizo halikuwa neno, lilikuwa maji. Shinyanga ni nchi ya mvua chache, milimita 600 hadi 900 kwa mwaka zikijaa, na katika utoto wa mama maji yalifukuliwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka au kuchotwa lamboni pamoja na ng'ombe. Nyumba ya msonge haikuwa na sababu ya kuwa na chumba cha kuogea. Mtu alioga kwa kata, nyuma ya boma, jua likishazama, na giza ndilo lililokuwa ukuta.

Bafu lenye ukuta na bomba lilifika kwetu kwa njia ya almasi. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wetu, na pale pakainuka mji wa mgodi wenye umeme, hospitali na maji ya mabomba. Dunia inaukumbuka Mwadui kwa jiwe la waridi la karati 54.5 lililookotwa mwaka 1947, ambalo Williamson alimtunuku Elizabeth wa Uingereza alipokuwa bado binti mfalme. Nyumbani kwetu tunaukumbuka kwa mabomba. Baba yangu aliajiriwa huko mwaka 1961, akawa fundi bomba kwa miaka 26. Kazi yake ilikuwa kuingiza maji katika mabafu ya wakubwa wa mgodi, kwanza Wazungu, baadaye Waafrika waliopanda vyeo. Jioni alirudi katika makazi ya wafanyakazi, akaoga kwa karai.

Alitusimulia mabafu hayo kama wengine wanavyosimulia hadithi za majini. Sakafu nyeupe ambayo unyayo wenye vumbi uliichafua kwa hatua moja. Hodhi refu la chuma lililopakwa enameli, mtu analala ndani kama mgonjwa. Alipostaafu, alikuwa amekwisha kununua hodhi moja mnadani, lenye miguu minne kama makucha ya simba, akalileta Ngokolo kwa lori la pamba. Aliliweka nyuma ya nyumba, chini ya mfereji wa bati, mpaka siku maji ya bomba yatakapokuwa ya kutegemewa. Siku hiyo aliingoja hadi alipofariki mwaka 2005. Hodhi likakinga maji ya mvua, nasi tukalichota kwa kopo, na mama akaliita birika. Sikujua wakati ule kwamba bila kufundishwa na mtu alikuwa amelipa jina lake la Lamu.

Nisimfanye baba kuwa mtu wa ndoto tu. Kile choo cha nje alikichimba mwenyewe, nami nina hakika ya mwaka kwa sababu mama huutaja kwa fahari: ni mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu vya namna ya kujikinga na malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kila kikundi kikitoka, kilikwenda kufanya jambo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mama alikuwa msomaji wa kikundi chake, kwa kuwa alijua kusoma na wengi hawakujua. Baba alikuwa na likizo. Choo kile kilichotitia mwaka 2023, basi, kilikuwa na miaka 50, kilikuwa kimewazika watumiaji wake wengi, na hakikuwa jambo la kubomolewa kwa mzaha. Mama alipopinga mpango wetu, sehemu ya upinzani wake ilikuwa ni hii. Alisoma kijitabu, kijitabu kikasema choo kiwe mbali na nyumba, naye akatii. Sasa wanawe wanamwambia kiwe karibu na kitanda.

Maji yenyewe yalitufikia mwaka 2009, na hapa historia ya bafu la mama inapita Cairo. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake ya eneo hili, ilibadilishana na Misri hati zilizosema kwamba hakuna kazi itakayofanywa kwenye Nile wala maziwa yake itakayopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Ziwa Viktoria likawa kama mtungi uliowekwa barazani kwetu, lakini kata yake ikafungiwa kwa jirani. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitamka kwamba hati hizo haziifungi nchi iliyo huru. Ilichukua miaka mingine zaidi ya 40 kabla tamko hilo halijawa bomba. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2004 na kampuni ya Kichina, Misri ikanung'unika, na kazi ikaendelea. Mwaka 2009 maji yaliyovutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yalipita zaidi ya kilomita 100 yakafika Kahama na Shinyanga, Rais Kikwete akauzindua mradi, na mji ambao ulikuwa ukitegemea bwawa la Ning'hwa ukaanza kunywa ziwa. Kiswahili kinayo "hodhi" la kutia maji na kina "kuhodhi" mali ili wengine wasipate. Sijapata mfano unaoyakutanisha maneno hayo mawili vizuri kuliko Nile.

Turudi stooni. Kaka alituletea fundi kutoka Katoro, kijana mpole aliyejifunza kazi kwa kutandaza vigae katika nyumba zinazoota kandokando ya barabara ya Geita kila dhahabu inapopanda bei. Alikuja na pikipiki, mkasi wa vigae, na karai moja. Nililitazama karai hilo kwa muda mrefu. Neno limetoka Bara Hindi, ambako ni chombo cha kukaangia, na pwani yetu bado linakaangia maandazi. Kwa kaka yangu mwaloni, karai ndilo linaloosha mchanga uliosagwa na makarasha, dhahabu ikazama na udongo ukamwagika. Mama alituogesha ndani ya karai. Fundi alilitumia kuchanganyia udongo wa kuzibia nafasi za vigae, na mchana aliliosha akalitia maji ya kunawa. Kama kuna chombo kinachostahili utenzi katika ukanda wetu, si mkufu wa dhahabu.

Nikasafiri naye hadi Kahama kununua vifaa. Nakiri kwamba nilikwenda na dharau ya msomi, nikarudi nimelewa rangi. Duka lilikuwa na kuta za vigae kutoka sakafu hadi dari: vya rangi ya maziwa, vya kijivu cha mawe ya Shinyanga baada ya mvua, vya buluu ya kauri za Lamu, vyenye mishipa ya dhahabu ambavyo wateja wa kutoka migodini walivipapasa kama wanavyopapasa ng'ombe mnadani. Muuzaji aliviita vyote marumaru, ingawa hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye jiwe hilo. Sikumsahihisha. "Kigae" chenyewe kimehama. Kwa bibi yangu kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho mtoto alitumwa nacho kwa jirani kuchukulia kaa la moto. Sasa ni kitu kizima, kinapimwa kwa mita ya mraba na kuuzwa kwa boksi, na kikivunjika ndipo kinapokosa thamani. "Bomba" nalo Mreno alilileta likiwa na maana ya pampu. Likawa njia ya maji, na mitaani likawa sifa: nguo bomba, nyumba bomba. Fundi alipoviweka vigae viwili vya buluu kando ya vyeupe kumi akasema, "Hapa bafu litakuwa bomba," sikuona namna nyingine nzuri ya kulisema.

Tulichagua vyeupe hadi usawa wa bega, juu yake ukanda mmoja wa buluu, na sakafu ya kijivu yenye mkwaruzo ili mguu wa mzee usiteleze. Fundi alitaka kutundika rafu za plastiki za kuwekea sabuni. Hapo nikapata nafasi yangu. Nilimweleza habari za zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu katika kuta za nyumba za Pate na Lamu na kupangwa vyombo vya kauri, na jinsi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alivyouonesha uharibifu wa Pate kwa kutaja madaka hayo yaliyogeuka viota vya ndege. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Vina kina cha sentimita ngapi, dada?" Nikasema 12. Akavichonga vitatu ukutani, akavipa mwinamo mdogo kuelekea nje ili maji yasituame, jambo ambalo mimi na Sayyid Abdalla hatukuwa tumelifikiria. Anaviita shelfu za ndani. Mimi naviita vidaka. Vipo.

Mama alibaki upande wa pili wa mlango. Pingamizi zake zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya ujinga.

Ya kwanza ilikuwa harufu. Fundi aliijibu kwa kumwonesha mkunjo wa bomba chini ya choo, ule unaobakiza maji ili hewa ya shimoni isirudi juu. Mkunjo huo ulipata hataza London mwaka 1775 kwa jina la fundi saa wa Kiskoti, Alexander Cumming. Mama aliutazama, akasema baba alikuwa akiuita kiko. Kweli unafanana na kiko cha tumbaku. Kumbe alikuwa akijua miaka yote.

Ya pili ilikuwa choo cha kukaa. Yeye amechuchumaa maisha yake yote, na kuketi mahali walipoketi wengine kunamchukiza. "Kiti anapewa mgeni," alisema. "Hicho chenu mnampa nani?" Magoti yake, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuamua.

Ya tatu hakuisema mbele ya fundi. Alinivuta jikoni. Mume wangu huja nami kila Desemba, na huyo ni mkwe wake. Kwetu mama mkwe na mkwe hupishana njiani. Hata sahani zao zina mipaka. "Nikiwa humo ndani," akasema kwa sauti ya chini, "mkwe wangu anisikie nikimwaga maji?" Aliutazama mkono wake uliokuwa bado umefungwa bandeji. "Afadhali giza la nje, mwanangu. Kule nilianguka, lakini hakunisikia mtu."

Serikali ilikuwa na kampeni yake ya usafi iliyoitwa Nyumba ni Choo, na balozi wake alikuwa Mrisho Mpoto, mtu ambaye riziki yake ni ghani. Ni kauli nzito, yenye maneno matatu tu, na inaeleweka: nyumba isiyo na choo bado si nyumba. Lakini jikoni siku ile niliona kwamba mama angeweza kuijibu kwa ghani yake mwenyewe. Kwake nyumba ilikuwa nyumba kwa sababu choo hakikuwamo.

Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni kaka, kwa simu kutoka Geita, nyuma yake makarasha yakinguruma. "Ndiyo maana nikasema selfu," akasema. "Mlango uwe chumbani kwake tu. Ule wa kutokea koridoni msiutoboe. Wageni na wakwe tutawajengea chao nje, palepale pa zamani. Na ule ukuta wa upande wa sebule uwe wa matofali mawili."

Nilikuwa nimelisikia neno na sikuwa nimeisikia maana. Nilidhani kaka anataka kujionesha kwa majirani, kumbe alikuwa akifikiria masikio ya shemeji yake. Neno lile lililokatwa vibaya, la matangazo ya nyumba za kupanga, ndilo lililokuja kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na giza, na "uani", na "faragha", na "nje". Katika vitabu vyangu vyote sikulikuta neno lingine ambalo ningempa fundi akalijenga siku ileile. Ningependa wenye kamusi walichukue. Waandike: chumba chenye sitara yake.

Ukuta ukajengwa wa matofali mawili. Fundi alimwaga karai la maji sakafuni, akachuchumaa, akayatazama yakielekea kwenye tundu lake bila kusita. Akayamwaga tena kutoka pembe nyingine, kwa maana, alisema, maji hayasomi ramani. Dari ilifungwa, taa ya manjano hafifu ikawashwa, na ukanda wa buluu ukaonekana kama ziwa kwa mbali. Hodhi la baba halikuingia. Tulipima mlango mara mbili, tukapima na hodhi, likazidi kwa upana wa kiganja. Liko bado chini ya mfereji wa bati, limejaa.

Nilikaa Ngokolo wiki mbili zaidi. Usiku wa kwanza mama aliingia humo akiwa na kopo lake mkononi, ingawa bomba lilikuwapo, na alipotoka alikuwa ameliacha katika kidaka cha katikati. Asubuhi tulikuwa sebuleni, mimi na mume wangu na dada, tukinywa uji. Mama alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Natoka nje kidogo." Akaelekea chumbani kwake, akafunga mlango. Hatukusikia kitu.